Feni ya Pijo

Fundi alifungua boneti, akaangalia ndani sekunde chache tu, akacheka.

"Brathe, hii feni ni ya enzi za Kenyatta. Na si huyu wa juzi. Toa hii kitu, nikuwekee ya Probox na relei moja, gari ipumue."

Tulikuwa Kisii mjini, kwenye uwanja mmoja wa mafundi ambako ardhi imekunywa oili mpaka imekuwa nyeusi na ngumu kama lami. Gari lenyewe ni Peugeot 504, ile ndefu yenye viti vya safu tatu, iliyozaliwa nyeupe na sasa ina rangi ya jino la mzee. Ni la babangu. Nilikuwa nimeliteremsha kutoka Kebirigo, kaunti ya Nyamira, ambako limekaa miaka chini ya mparachichi likitagiwa mayai na kuku. Mpango wangu ulikuwa mdogo: nilitengeneze, niwe naliendesha wikendi, labda nilikodishe kwa harusi. Siku hizi watu wanapenda kupigwa picha na magari ya kale.

Elfu nne na mia tano, feni, waya na kazi. Bei nzuri. Nikampigia Tata simu, kumwarifu tu.

Kimya kirefu. Kisha akaniita omomura, jinsi anavyoniita akitaka nisikie vizuri. "Omomura, hiyo feni usiguse. Gusa kitu kingine chochote unachotaka." Akakata simu.

Mimi si fundi. Nilichojua kuhusu feni ni kwamba inazunguka. Lakini mzee wangu ni mtu aliyeuza shamba la chai bila kupepesa macho, kwa hiyo mtu kama huyo akipigania kipande cha plastiki, lazima kuna kitu. Nikamwambia fundi angoje. Alingoja wiki tatu.

Tuanze na milima, kwa sababu bila milima hii yote ingekuwa hadithi ya spea tu. Kisii mjini ni takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kaunti ya Nyamira inaanzia kwenye mita 1,250 hivi upande wa bondeni na kupanda mpaka karibu 2,100. Ukiwa mita 2,000, maji yanachemka yakifika digrii 93, hayangoji 100. Ndiyo maana maharagwe ya nyumbani yanamaliza kuni kuliko ya Mombasa. Hewa nayo huko juu ni nyepesi, karibu moja ya tano imepungua, na hiyo hewa ndiyo feni inayotegemea kupooza rejeta. Sasa weka gari lenye abiria saba na magunia juu, litoke tambarare ya Kano kwenye joto la ziwa, lipande zaidi ya mita 500 kwa gia ya kwanza na ya pili. Karibu theluthi ya moto wote wa petroli unaingia kwenye maji ya injini, na lazima mtu autoe.

Huyo mtu ni feni. Na kwa miaka mingi feni ya gari ilikuwa ya aina moja: mapanga yaliyofungwa mbele ya injini, yakizungushwa na belti ileile inayozungusha pampu ya maji na dainamo au alternator. Injini ikizunguka, feni inazunguka. Hakuna swichi wala cha kufikiria. Ukipanda mlima kwa gia ndogo injini inalia mizunguko elfu tatu na zaidi kwa dakika, na feni inapuliza kama kimbunga, wakati uleule unaoihitaji. Kwa milima ya kwetu hiyo ni hesabu nzuri sana.

Kasoro yake inaonekana gari likisimama. Injini ikipumua taratibu, feni nayo inalala. Kwa hiyo kwenye steji, au kwenye jam, geji inapanda polepole. Tata anasema madereva wa Pijo walikuwa wakipiga resi gari likiwa limesimama, na abiria walidhani ni maringo. Kumbe walikuwa wanapuliza rejeta.

Kasoro ya pili huioni, unailipia. Gari likishapata mwendo, kilomita sitini kwa saa na kuendelea, upepo wa barabara unatosha kabisa kupooza rejeta. Feni haina kazi tena, lakini belti inaendelea kuizungusha. Na feni ina tabia mbaya: ukizidisha mwendo wake mara mbili, nguvu inayokula inazidi mara nane. Kwa hiyo kwenye barabara nyoofu, pale injini inapotaka kukimbia, ndipo feni isiyohitajika inapoiibia zaidi. Petroli inageuka kuwa kelele.

Peugeot waliliona hilo mapema. Gari lao la 404, lililotoka 1960, lilikuja na feni ambayo bado inanishangaza nikiitazama. Ilizungushwa na belti, ndiyo, lakini haikushikamana na puli moja kwa moja. Katikati kulikuwa na sumaku ya umeme. Maji yakiwa baridi, sumaku haina umeme, puli inazunguka peke yake na mapanga yanalegea tu. Maji yakipata moto, swichi ya joto inapeleka umeme, sumaku inavuta, mapanga yanashikana na puli na feni inaanza kazi. Umeme ulifika kwenye puli hiyo kupitia kipande kidogo cha kaboni, mafundi wanaita makaa, kilichokuwa kikisugua pete ya shaba muda wote injini inapozunguka.

Yaani lile bishano langu na fundi, belti au umeme, lilikuwa limeshajibiwa kabla baba hajajua kuendesha. Jibu lilikuwa vyote viwili. Na 504, iliyozinduliwa 1968, ikarithi feni hiyohiyo. Ile fundi aliyoicheka haikuwa feni ya kizamani hata kidogo. Ilikuwa na akili. Ila mtu alikuwa ameifanyia kitu, na hilo nitalifikia.

Kwa wale wasioijua Pijo: hakuna gari la Ufaransa lililowahi kupendwa Kenya kama hili. 404 ilishinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na tena 1978. Watu walikuwa wanasimama kando ya barabara kutazama magari yakipita kwenye matope, halafu Jumatatu wanapanda gari la aina ileile kwenda sokoni. Baadaye 504 zikawa zinaunganishwa hapahapa, Mombasa, na kazi hiyo iliendelea mpaka miaka ya mwanzo ya 2000, wakati Wafaransa wenyewe walikuwa wameshaisahau.

Halafu kulikuwa na 1973. Mwaka huo Rais Kenyatta alitoa amri kwamba matatu ndogo zinaweza kubeba abiria bila ile leseni ya usafiri iliyokuwa ngumu kupata. Mtu mwenye pesa kidogo za chai, kahawa au pareto, au mwalimu mwenye mkopo, angeweza kununua gari kuukuu na kuliweka barabarani. Tata aliingia kazini hivyo, utingo kwanza kwenye 404, kisha dereva wa 504 ya mkulima mmoja wa chai. Kisii, Oyugis, Sondu, Katito, Ahero, Kisumu. Na kurudi. Baadaye, 1994, yule mkulima alimuuzia gari hilohilo. Ndilo la chini ya mparachichi.

Nilipompata ana kwa ana nyumbani, nilimuuliza kwanza kuhusu belti, kwa sababu niliona anaogopa swali la feni. Uso wake ukafunguka. Belti, alisema, ilikuwa inakupa habari. Ikikatika, vitu vitatu vinakufa pamoja: feni, pampu ya maji, na chaji ya betri. Kwa hiyo taa nyekundu ya betri inawaka kwenye dashibodi papo hapo, na dereva anayejua kazi anazima injini kabla geji haijasogea. Kila mtu alibeba belti ya akiba chini ya kiti. Asiyekuwa nayo aliazima soksi ndefu ya nailoni kwa abiria wa kike, akaifunga kwenye puli, akasogea nayo mpaka kituo cha karibu. Nimesikia hadithi hii ya soksi kwa watu wengi mno, na wa nchi nyingi mno, kuamini kwamba kila anayeisimulia alikuwepo. Lakini Tata anaapa.

"Na ile ya sumaku?"

Akaangalia pembeni. "Ile ilikuwa na akili nyingi."

Ilikuwa mwaka wa mlolongo, akasema, 1988. Walikuwa wanatoka Kisumu mchana, wamejaza, jua linachoma. Mlima wa kutoka Katito kwenda Sondu, geji ikapanda yote. Akasimama kando. Mvuke ulikuwa unatoka pande zote za boneti. Konda wake alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwenye haraka kama makonda wote. Akachukua kitambaa, akakilowesha, akafungua mfuniko wa rejeta.

Mfuniko wa rejeta si kizibo cha chupa. Kazi yake ni kushikilia shinikizo. Maji yakibanwa hayachemki mapema. Kwa mfuniko mzuri wa siku hizi, hata ukiwa Nyamira, yanaweza kupita digrii 110 na yakabaki maji. Ukifungua ghafla, shinikizo linaondoka kwa sekunde moja, na maji yale yote yanakumbuka kwamba yalipaswa kuwa mvuke. Yanaruka. Yalimruka konda usoni, shingoni na mkono wa kulia. Lori lililokuwa linapita likamchukua hospitalini.

Feni ilikuwa haizunguki. Yale makaa yalikuwa yameisha. Na Tata hajui yaliisha lini, labda wiki tatu kabla, labda mwezi. Siku za mvua, safari za alfajiri, barabara ya kukimbia, feni ile haikuhitajika, kwa hiyo haikusikika. Ikiwa nzima ilinyamaza. Ilipokufa ikanyamaza vilevile.

"Ya zamani ikifa unaona belti iko chini," Tata alisema. "Hii inakufa na wewe unaipenda."

Gari lilipotoka kwa fundi, alimwomba akaze zile skrubu tatu. Feni ya Peugeot ina skrubu tatu za kurekebisha pengo kati ya sumaku na puli. Ukizikaza hadi mwisho, mapanga yanashikana na puli kwa nguvu, umeme uwepo usiwepo. Feni yenye akili inakuwa feni ya kawaida. Inazunguka saa zote, baridi na joto, mlimani na bondeni, inakula petroli na kupiga kelele. Skrubu hizo hazijalegezwa tangu 1988. Niliporudi garage nilizitafuta na tochi ya simu. Kuna alama ya rangi nyekundu juu ya kila moja, ili mtu akizigusa ijulikane.

Nilidhani hapo ndipo habari inaishia. Lakini Kisii na Nyamira ni padogo, na jina la yule konda lilikuwa linajulikana. Anauza mbegu na mbolea kwenye soko moja upande wa Keroka. Shingo yake upande wa kulia inang'aa, ngozi haina mikunjo. Nilipojitambulisha alinipa kiti, akaagiza soda, akauliza hali ya mzee kwanza, na hali ya mama, na kama mzee bado anaendesha. Kisha nikamweleza ninachotafuta. Nikarudia hadithi jinsi nilivyoisikia, ile ya haraka ya ujana.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwana wa dereva," akasema, "mimi ningefunguaje rejeta ya mtu bila kuambiwa? Mzee ndiye aliniambia fungua. Abiria walikuwa wanapiga kelele, mama mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa, na nyuma yetu kulikuwa na Pijo nyingine inakuja. Tungepoteza watu wote."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anasahihisha tarehe. Akaongeza kwamba mzee alikuja hospitalini kila Jumapili kwa miezi miwili, na kwamba mtaji wa kwanza wa duka, mfuko wa kwanza wa mbolea, ni yeye aliutoa. Tata hakuwahi kunitajia duka.

Nilirudi Kisii kwa Probox. Tulikuwa watu kumi, pamoja na wawili kwenye buti na mmoja anayeshiriki kiti na dereva. Hii ndiyo hali ya barabara zetu, na watu wa Nairobi wanatucheka kwayo. Nilikuwa nimebanwa mbele, goti langu kwenye gia, na muda wote nilikuwa nasikiliza feni.

Safari ya feni kutoka Pijo mpaka Probox ni habari ya injini kugeuka ubavu. Magari ya zamani, 404, 504, Land Rover, injini imelala kwa urefu wa gari na uso wake unatazama rejeta. Belti na feni ziko mbele, mahali pake. Lakini ukitaka gari dogo lenye nafasi kubwa ndani, unaigeuza injini ikae kwa upana na magurudumu ya mbele ndiyo yavute. Hapo uso wa injini unatazama gurudumu, rejeta iko mbele, na belti haifiki. Mini ya Waingereza, 1959, ilikwepa tatizo kwa kuihamisha rejeta pembeni, karibu na gurudumu, feni ya belti ikabaki. Fiat 128 ya 1969 iliiacha rejeta mbele na kuipa feni yake yenyewe yenye mota ya umeme. Kisha mafuta yakapanda bei ghafla 1973 na magari madogo ya aina hiyo yakawa ndiyo biashara. Toyota walichelewa kidogo: Corolla ya kawaida iligeuzwa 1983, na ile DX ambayo wazazi wetu walikuwa nayo ilikuwa bado ya zamani, gurudumu la nyuma, feni ya belti.

Nissan na Hiace za matatu zilibaki na belti, kwa sababu injini yao iko chini ya viti na imelala kwa urefu. Ndiyo maana, kama umri wako unaruhusu, unakumbuka kuungua makalio kiti cha mbele na jerikeni ya maji ya lita tano miguuni.

Probox ilitoka Japani 2002. Sheria yetu inaruhusu magari yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo kabla muongo haujaisha zikaanza kupanda milima ya Gusii. Injini ya lita moja na nusu, imekaa kwa upana, feni ya umeme. Feni hii haijali injini inazunguka vipi. Kwenye jam ya Kisii mjini inapuliza kwa nguvu zake zote huku injini imetulia, jambo ambalo Pijo haikuweza. Barabarani inazimwa, na petroli inabaki kwenye tangi. Nani angechagua ya belti?

Mlima ndio unaouliza swali hilo tena. Feni ya umeme ina mwendo wake na hauzidi hapo. Imetengenezwa kwa gari la kubeba mizigo ya ofisi mjini Osaka, wala si kwa watu kumi wanaopanda kwenda Keroka kwa gia ya pili. Injini inaongeza moto, feni haiongezi upepo. Ile ya belti ingekuwa inapiga mayowe sasa hivi. Sisemi Probox haiwezi; zimejaa kila mlima na zinafika. Ila zinafika zikiwa karibu na ukingo, na kwenye ukingo huo kitu kidogo kinatosha. Fyuzi. Soketi iliyoshika kutu. Relei ya shilingi mia tano. Na gari nyingi za kisasa hazina hata geji ya joto, ni taa nyekundu tu ambayo ikiwaka, gasketi ishaanza kuungua.

Nikamuuliza dereva, kijana wa umri wangu, kama feni yake inawaka na kuzima yenyewe.

"Hapana," akasema. "Nimeipiga direct."

Maana yake: fundi ameiruka swichi ya joto, akaunganisha feni na ufunguo. Ukiwasha gari, feni inawaka, na haizimi mpaka utoe ufunguo. Kwa nini? Kwa sababu siku moja sensa ilikufa bila kusema, akalipa elfu kumi na nane za gasketi na kupasa kichwa cha injini. Rafiki zake wengi wamefanya hivyohivyo.

Nilicheka peke yangu, nikamfanya ageuke kunitazama. Miaka zaidi ya thelathini, gari lingine, bara lingine, injini imegeuzwa ubavu, na mtu wa Kisii amefanya kitu kilekile alichofanya babangu na zile skrubu tatu.

Vitabu vya historia ya magari vinaeleza feni kama hadithi ya maendeleo: ya belti, kisha ya sumaku, kisha ya umeme, kisha ya kompyuta, kila moja ikijua zaidi lini ipumzike. Kwetu imekwenda kinyume. Kila mara feni mpya yenye akili ilipofika huku juu, watu waliitoa akili hiyo. Mafundi wetu wanatoa hata thermostati, kile kizibo kinachozuia maji ya baridi mpaka injini ipate joto lake, na hapo siwatetei. Injini isiyo na thermostati inakunywa petroli na kuchakaa mapema, na gari zima linaponea kwenye hofu. Lakini feni naielewa. Akili ya feni ni kuokoa petroli kidogo kila siku, na faida hiyo inagawanywa kwa watu wote duniani wenye gari kama hilo. Hasara ikija inamwangukia mtu mmoja, pale Sondu, saa nane mchana. Mhandisi wa Sochaux alipiga hesabu yake na ilikuwa sahihi. Mtu wa Kebirigo alipiga ya kwake.

Na bado sijui niite nini kile alichofanya Tata. Nilipoanza nilidhani ni ukaidi wa mzee. Kisha nikadhani ni busara ya dereva. Baada ya Keroka, nikiiangalia ile rangi nyekundu juu ya skrubu, siwezi kuiona kama ufundi peke yake. Petroli yote iliyoungua bure tangu 1988 kuzungusha mapanga yasiyohitajika, ameilipa yeye, na hajawahi kulalamika hata siku moja. Huyu ni mtu anayezima taa ya choo nyuma yako.

Sikumwambia nilikwenda Keroka. Huenda ameshaambiwa, nilisema hapa ni padogo.

Kwa fundi nilirudi Alhamisi. Nikamwambia feni inabaki, skrubu asiziguse, abadilishe belti, asafishe rejeta iliyojaa kutu ya maji ya mtoni, aweke mfuniko mpya na kulanti badala ya maji matupu. Akatikisa kichwa kama mtu anayeona pesa ikipotea, lakini alifanya kazi safi. Nilinunua belti mbili. Moja iko chini ya kiti cha dereva, imefungwa kwa gazeti.

Tulipoliwasha, uwanja mzima uligeuka. Ukisimama mbele ya 504 yenye feni iliyokazwa, unasikia upepo kwanza, kisha injini. Fundi alipiga resi mara mbili na karatasi zikaruka kutoka kwenye benchi la jirani. Geji ilipanda hadi katikati ikakaa.

Simu ikalia. Ni Tata. Hakusalimia.

"Iko?"

"Iko, Tata."

"Hebu iweke simu karibu."

Nikaishika simu juu ya rejeta, mkono umenyooka, mbali na mapanga. Nadhani ilikaa hapo dakika nzima. Nilipoirudisha sikioni alikuwa bado yuko kwenye laini, anapumua.